Namba ya Sindano

Zimefika leo kwa posta, zote mbili,
nzito kuliko zilivyokuwa,
zimebanwa nailoni kama nyama ya dukani.
"Taa za Chini ya Barafu," jalada linasema,
"bendi iliyosahauliwa ya Duluth."
Nani kasahau?
Mimi ndiye niliyekuwa nikifua soksi zao.

Aliyezichapa upya ni kijana wa Rotterdam.
Anaitwa Joost, anaandika kwa adabu,
anataka kujua kwa nini gitaa la Rueben
linakoroma vile, kama nyigu ndani ya kopo.
Nikamjibu: kaka yangu alitoboa spika
kwa sindano ya mama ya kufumia,
kisha akamsingizia paka.
Joost akaandika tena siku hiyohiyo:
"Sindano namba ngapi?"

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo.
Sisi tulichapa mia tatu, tukauza sitini na mbili,
nyingine tukawagawia wajomba wasio na gramafoni.
Zilizobaki ziliwekwa chini ya mashine ya kufulia
ili isitembee.
Leo mtu wa Osaka kalipia moja tu ya zile
bei ya mashine tatu.

Jalada la pili lina picha:
vijana wanne wameegemea ukuta wa gereji,
rangi zinawachuruzika usoni, zambarau, kijani,
na maelezo yanasema kwa herufi ndogo
kwamba mwanga ule wa ajabu ulitokana na ulevi wa zama zile.
Ulevi gani? Lilikuwa bakuli la kuokea pai,
mafuta ya kupikia, maji, wino wa shule,
na projekta ya kanisa la Kilutheri
niliyoiazima bila kumwambia mchungaji.
Tazama pembeni, chini, upande wa kushoto:
kuna mkono unalitikisa bakuli.
"Mkono wa mtu asiyejulikana."
Una kovu la jiko karibu na kidole gumba.
Ninalo hapa. Ndilo linaloandika.

Duane Pelkonen alipiga ngoma
kama mtu anayekimbilia basi.
Wamempa mstari mmoja: 1948, kistari, 1969.
Nimekipima kistari kile kwa ukucha.

Usiku nikaweka santuri, upande wa mwisho,
wimbo ule mrefu ambao baba aliuita "ajali".
Gitaa likakoroma, likachoka, likanyamaza,
nikainuka kwenda kuinua mkono wa gramafoni,
maana hapo ndipo ulipokuwa unaishia, miaka yote,
hapo ndipo fundi wa Minneapolis alipokata ukanda.

Haukuishia.
Mlango ukalia. Ule wa pembeni,
wenye bawaba ambayo hakuna aliyeitia mafuta.
Na mama akasema, si kwa ukali:
"Rueben, theluji imeanza.
Baba yenu anataka kuingiza gari."
Duane akacheka. Kijiti kikaanguka sakafuni.
Basi.

Sekunde kumi na moja.
Gari lililala nje misimu miwili ya baridi
kwa ajili ya kelele zile,
na baba akilifukua kila alfajiri kwa koleo
bila kutuambia neno.
Rueben aliuza bima miaka thelathini.
Alifariki Machi; kifurushi kimefika Mei.

Nikarudisha sindano. Nikairudisha tena.
Jirani akagonga ukuta, nikaongeza sauti.

Barua ya Joost imo ndani ya boksi:
wanunuzi wawili wamelalamikia sauti ya mwanamke mwishoni,
je, katika toleo lijalo aifute?

Nimemwandikia: ukiifuta
nitakuja Rotterdam kwa miguu, na bakuli langu.
Nimebandika stempu, nimevaa koti,
nimefika sandukuni, ndipo nikakumbuka swali lake.
Nikaandika nyuma ya bahasha, wino ukiganda:

namba nane.